Dalali aliyenichania nailoni Keko ndiye aliyefikisha fenicha za send-off Songea

Wakuu, habari za mihangaiko. Na dada zangu mliomo humu nawasalimu pia, maana kila uzi unaanza na "wakuu" utadhani sie wengine tumekuja kupiga deki.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Majina ndiyo nimebadilisha. Mengine yote yapo yalivyotokea, hata yale ya kunitia aibu.

Nimerudi juzi kutoka Songea na bado nina furaha hadi nashindwa kupima mbao vizuri. Nimeona bora niitoe humu, nipumue.

Mie ni fundi fenicha, Keko. Ndiyo, mwanamke.

Mteja akifika ananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Namjibu, "Ametoka, lakini kaniachia randa." Nimeanza kwa kupiga msasa vitanda vya watu, nikahamia kwenye kushona sofa, sasa nina banda langu na mashine yangu. Sijawahi kuajiriwa ofisini na sitaki.

Sasa sikilizeni.

Nina mdogo wangu mmoja tu, Faraja. Yupo Songea, nyumbani kwetu. Mama yetu alifariki Faraja akiwa darasa la tano, na tangu siku hiyo mie ndiye niliyekuwa namtumia madaftari, sare, nauli, kila kitu.

Akapata mchumba. Send-off, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikapangwa Jumamosi.

Mnajua kwenye send-off kuna ile sehemu MC anaita zawadi ya mama mzazi. Mama anainuka na ndugu zake, wanaingia wakicheza, wanaleta walichomwandalia binti yao. Ukumbi mzima unaangalia. Sasa kwa Faraja, mama angeitwa nani?

Nikasema kwenye kikao cha familia: nitasimama mie. Na sitaleta bahasha. Nitaleta kitanda, kabati, meza ya kujipambia na sofa, vyote vimetoka kwenye mikono yangu.

Shangazi Otilia, dada yake baba, hakupenda. Shangazi ni mtu wa kusema kitu mara moja halafu anakaa kusubiri kitokee ili akukumbushe. Aliandika kwenye group la familia: "Koleta, tuma hela tununue hapa hapa. Fenicha za Dar zinafikaga vipande."

Nikamjibu, "Shikamoo shangazi. Zitafika nzima."

Wakuu, nilijibu hivyo wakati sina lori, sijui bei, na sijawahi kusafirisha hata stuli nje ya Dar. Wateja wangu ni wa Mbagala, Tandika, Kigamboni. Mzigo unapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nusu saa umefika.

Basi Jumatatu nikaingia mtaani kutafuta dalali wa malori. Kwa wasiojua, yapo malori kibao yanaleta mazao na vitu vingine Dar kutoka mikoani, na mengi hayapendi kurudi matupu. Dalali kazi yake ni kukuunganisha wewe mwenye mzigo na lori linalorudi kwenu.

Wa kwanza nilimpata Ubungo. Nimwite Meck.

Jamani, Meck! Shati limenyooshwa, simu tatu mezani, anakupa kiti kabla hujasalimia. Nikimwambia nina wasiwasi na muda, anasema, "Hiyo usijali." Vioo vya meza? "Hiyo usijali." Turubai lipo? "Sista, yaani wewe nenda kalale."

Akanionyesha picha ya lori kwenye simu, jipya, linang'aa. Akasema linaondoka kesho yake Jumanne na bei yake ilikuwa ya kirafiki. Nilitoka pale nacheka mwenyewe. Nikampigia Faraja nikamwambia mambo yameiva.

Nikarudi Keko nikamsimulia Saidi, fundi mwenzangu wa banda la pembeni. Saidi aliendelea kuranda mbao yake, halafu akauliza, "Kakuuliza unapeleka nini?"

Nikafikiria. Hakuuliza.

Kweli kabisa wakuu, yule kaka alipanga safari yote, akanipa hadi siku ya kufika, na hakuwahi kuuliza mzigo wenyewe ni kitu gani.

Saidi akaniambia nenda Tandika, muulizie Zuhura wa Malori, hata muuza vocha atakuonyesha. Nikaenda huku nanung'unika, maana moyo wangu ulishatulia kwa Meck.

Zuhura nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya duka la vipuri, ushungi kichwani, daftari kubwa mapajani, anagombana na mtu kwenye simu. Mtu wa Tunduru, umri wangu hivi. Alipokata simu hakunikaribisha. Alianza maswali.

"Unapeleka nini? Wapi? Sofa rangi gani?"

Rangi! Nikamwambia krimu, ndiyo aliyochagua bibi harusi.

"Kitanda kinafunguka au umekipiga gundi chote? Kabati lina kioo? Umeshapata lori?"

Nikamwambia nimepata, la Songea, linaondoka kesho.

"Limekuja Dar na nini?"

Nikamwambia picha nimeiona, ni jipya, linang'aa.

"Dada fundi, lori linalorudi Songea kuna kitu limeleta huku. Halikuja kutembea. Nenda kalishike sakafu, halafu urudi."

Nikaona huyu ananiharibia biashara ya mwenzake. Kwa hasira nikampigia Meck, nikamwambia nataka kuliona lori. Akauliza la nini, halafu akanielekeza yadi moja huko huko Temeke.

Nikafika. Halikuwa lile la kwenye picha. Lilikuwa tela kubwa la wazi, na mie kutoka chini sioni ndani. Nikapanda.

Kwenye pochi nilikuwa na kipande cha kile kitambaa cha krimu cha sofa, huwa natembea na vipande vya kuonyesha wateja. Nikakichukua, nikainama, nikafuta sakafu mara moja tu.

Kikawa cheusi tii.

Makaa ya mawe, wakuu! Lile tela lilileta makaa ya mawe kutoka kwetu kusini. Mtoto wa Songea mzima, malori ya makaa yananipita kila nikienda likizo, na sikufikiria kitu kama hicho.

Nikampigia Meck. Akasema, "Sista, hiyo tutapiga maji."

Maji! Vumbi la makaa ulipige maji halafu upakie sofa la krimu juu yake! Nikamwambia asante, mzigo wangu sipakii. Akabadilika sauti, akaniambia mie najifanya nasafirisha mayai, na nikitoka pale sitapata lori jingine wiki hiyo. Hapo niliogopa kweli, siwadanganyi. Ilikuwa Jumatatu alasiri na Jumamosi inanikodolea macho.

Nikarudi Tandika kichwa chini, nikamwonyesha Zuhura kile kitambaa. Nilijua atanicheka. Hakucheka, aliandika namba ya lile lori kwenye daftari lake, akafunga.

"Gari nitakutafutia. Lakini sipangi mzigo sijauona. Kesho asubuhi nakuja."

Nikamwambia asihangaike, mzigo uko tayari, kilichobaki ni kufunga tu.

"Nakuja," akasema.

Sasa hapa wakuu ndipo penye aibu yangu, na nimewaahidi sitaificha.

Jumanne asubuhi Zuhura kaingia bandani kwangu. Kila kitu kimefungwa nailoni raundi tatu tatu, kinapendeza hadi wapita njia wanasimama. Nilikuwa najivunia. Saidi naye amesogea kuangalia.

Zuhura akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa kichwani wa kitanda. Mninga, nimechonga majani pembeni, nilitumia siku nne pale.

"Vanishi umepiga lini?"

"Juzi, na mkono wa mwisho jana jioni nilivyotoka kwako."

"Ukafunga lini?"

"Leo asubuhi."

Akaingiza ukucha kwenye nailoni, akachana. Chaaa! Kuanzia juu hadi chini.

Nilimrukia, wakuu. Nilimshika mkono nikamwambia ana wazimu, atanilipa. Saidi akaingia kati.

Zuhura akanitoa mkono. Alishika pembe ya nailoni akaivuta taratibu, na ikatoka na vanishi yangu. Pale ilipokuwa imegusa, ubao ulibaki na mikunjo na mabaka, ule mng'ao wote umehamia kwenye nailoni.

"Hapo ni masaa matatu tu, tena kivulini," akasema. "Sasa weka chini ya turubai, jua la Lindi, siku mbili. Kingefika kimevaa nailoni, hakuna wa kuivua."

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikalia. Nililia kwa kuchoka na kwa aibu, maana hilo kosa ni langu mie fundi, siyo la dalali wala la dereva.

Ngoja niwaeleze, nyie msionielewa. Sisi Keko tuna tabia: unapiga vanishi asubuhi, mteja anachukua jioni. Mteja anataka ile harufu, ndiyo ushahidi wake kwamba kitu ni kipya. Kinapanda kirikuu kikiwa wazi, upepo wa njiani unamalizia kukausha. Hakuna anayefunga. Mimi nilichukua haraka yetu ya Keko nikaifunga nailoni ili niipeleke Songea.

Zuhura akavua ushungi wa juu, akabaki na kilemba, akaniambia, "Msasa uko wapi?"

Tulipiga msasa watu watatu, mie, Saidi na yeye, huku simu yake ameibana begani anatafuta gari. Saa nane mchana nikapiga vanishi upya, nyepesi. Jumatano nzima hatukugusa kitu. Kila mteja aliyeingia nilimfukuza asipumulie karibu.

Na lori likapatikana! Limeleta mahindi kutoka Songea, linaondoka Alhamisi. Zuhura alinipigia kutoka ndani ya lori lenyewe, nasikia anafagia. "Sakafu nimeipangusa kwa kanga yangu, dada fundi. Na kanga naivaa tena." Bei ilikuwa juu ya ile ya Meck, na sikubishana.

Alhamisi asubuhi tukapakia. Kitanda nilishakifungua, nati zote kwenye mfuko. Mbao tukazivisha mablanketi na maboksi ya friji, nailoni ikabaki kwenye sofa peke yake. Zuhura aliandika kila kipande kwenye karatasi, akapiga picha, dereva akasaini, nami nikasaini. Dereva ni kaka mmoja mpole, Issa.

Halafu nikaona anachoandika kwenye lile daftari, nikashangaa. Pembeni ya namba ya Issa kulikuwa na namba nyingine tano. Mke wake. Mama ntilie wa Lindi. Mama ntilie wa Masasi. Wa Tunduru. Fundi springi.

Nikamuuliza za nini zote hizo.

"Simu ya dereva inazimikaga," akasema. "Njaa yake haizimiki."

Ijumaa alfajiri nikapanda basi Mbezi. Lori lilitakiwa kufika siku hiyo hiyo jioni. Nikifika Iringa nampigia Issa, hapatikani. Makambako, hapatikani. Njombe, hapatikani. Nilikuwa napiga na kukata, napiga na kukata, hadi abiria mwenzangu akanipa pipi.

Nikampigia Zuhura. Akasema, "Nipe dakika kumi."

Hata hazikufika. "Yupo Tunduru. Kala ugali na samaki kwa mama Husna, springi imekatika, wanatengeneza. Hatasafiri na springi mpya gizani, nimemkataza. Ataondoka asubuhi saa kumi na mbili."

Nilifika nyumbani jioni, ndugu wamejaa, shangazi Otilia yuko mlangoni.

"Mzigo uko wapi?"

"Shikamoo shangazi. Upo Tunduru."

"Dereva kakwambia?"

"Dereva hapatikani. Kasema mama ntilie."

Wakuu, walicheka wote! Shangazi peke yake hakucheka. Alisema, "Si niliandika kwenye group?" akaingia ndani. Faraja alikuwa amekaa kitandani kwa bibi, mikono yote ina hina, hawezi hata kunikumbatia vizuri. Alitabasamu, lakini namjua mdogo wangu, alikuwa anaogopa.

Jumamosi. Send-off saa kumi jioni.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Shangazi akaanza kuulizia duka la fenicha mjini, kwa sauti, ili nisikie. Mie nimesimama barabarani na sare yangu ya kitenge kama trafiki.

Saa tano na dakika chache nikasikia honi.

Nilikimbia, jamani! Kitenge nimekishika mkononi, viatu nimeviacha. Issa ananipungia dirishani anacheka, simu yake inaning'inia kwenye waya, imekufa kabisa.

Lakini sikuwa na amani mpaka yafunguliwe yale mablanketi. Nikavuta kamba kwa pupa, fundo likazidi kukaza. Shangazi akanisogeza pembeni, akafungua mwenyewe.

Ubao wa kichwani ukatoka. Mzima. Safi. Unang'aa hadi mtu unajiona.

Shangazi akapitisha kiganja chake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akaenda kwenye sofa, akainama, akalinusa. Akazunguka nyuma ya kabati akaangalia na huko. Halafu akageuka, akamwambia Issa, "Baba, umekula?" akamshika mkono akampeleka jikoni.

Mie alinipita kama nguzo. Lakini ukumbini MC alipotangaza, "Sasa tunamwita mama mzazi wa Faraja," na ukumbi ukanyamaza kwa sababu wote wanajua, mtu wa kwanza kupiga vigelegele alikuwa shangazi. Alinishika kiuno akanisukuma mbele. "Mama huyu hapa!" anapiga kelele. "Mama kaja na vitu vyake!"

Tuliingia tukicheza, kitanda kimebebwa juu juu, sofa nyuma. Nimelia nacheza, nimecheza nalia.

Faraja akaletwa akakaa kwenye sofa lake. Akanyoosha mkono taratibu kwenye ule ubao, kidole kimoja tu, kwa woga. Nilikuwa nimemsimulia yote kwenye simu.

"Dada, imekauka?"

"Imekauka, mama."

Hapo ndipo alipopasuka kulia, na ukumbi mzima nao.

Wakuu, nilichojifunza nakisema kwa lugha ya karakana. Dalali anayekwambia usijali kwa kila kitu, mwogope. Tafuta anayekuudhi kwa maswali, anayetaka kuuona mzigo, anayejua lori limekuja na nini kabla ya kukwambia linakwenda lini. Panda mwenyewe ukashike sakafu, tena na kitambaa cheupe. Na wewe mwenye mzigo usijione mjuzi kama mie, kilichokaribia kuniangusha kilitoka mikononi mwangu.

Msiniombe namba ya Zuhura hadharani, na PM sifungui. Nendeni Tandika mkaulize, mtaulizwa na nyie.

Ila nataka kusikia yenu. Nani humu amewahi kupandishiwa sofa kwenye lori la dagaa? Nani ana dalali wake wa Mbeya au Mwanza anayeaminika, na alimjuaje? Mafundi wenzangu wa Keko, nani mwingine anafunga vanishi mbichi? Jitokezeni, mie nimeshajianika.

Halafu moja la mwisho.

Jana Zuhura kanipigia. Nikajua anataka shukrani, nikaanza kumwaga maneno. Akanikatiza.

"Hayo baadaye. Nitajie vizuri namba ya shangazi yako. Issa bado yupo vijijini huko kwenu anapakia mahindi, kasema kalishwa wali na kuku, na kaambiwa kila akifika Songea asipitilize. Namwandika kwenye daftari."

Kwa hiyo sasa dereva akipotea kusini, anayepigiwa simu ni shangazi Otilia. Na jana hiyo hiyo kaandika kwenye group la familia: "Issa kafika salama, anakula."